Muulize Mfamasia: Salfa ya mwilini, ini, na dripu ya bi harusi

Barua nilizozichagua mwezi huu ukizitazama juu juu hazihusiani: arusi, maumivu ya mgongo, mimba, kitoto kichanga na unga wa muhogo. Lakini nilipoanza kuzijibu nilijikuta narudi kwenye jambo lile lile kila mara, nalo ni salfa tunayoibeba ndani ya chembe hai zetu na kazi inayoifanya kimya kimya. Kwa hiyo nimeziweka pamoja. Msomaji wa barua ya kwanza asome na ya nne, nitaeleza kwa nini.

*Assalaam aleykum bi dada. Binti wa ndugu yangu anaolewa Mfungo Tatu. Amekataa singo na liwa, asema ni mambo ya kizamani. Kuna saluni inamtia dripu ya glutathioni na vitamini C mara kumi ili ang'ae mwili mzima. Mama yake ameshatoa arbuni. Mimi moyo hautulii. Ni dawa ya kweli hiyo? — Shangazi wa bi harusi, Kibokoni*

Waleykum salaam shangazi. Moyo wako umekwambia kweli. Arbuni ikadaiwe, na wakikataa kuirudisha, iacheni ipotee.

Glutathioni yenyewe si uzushi. Kila chembe hai mwilini huitengeneza, kwa kuunganisha asidi amino tatu: glutamati, sisteini na glisini. Sisteini ndiyo iliyobeba salfa, na salfa ndiyo inayofanya kazi. Chembe inapotumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwenye chakula, hubakia vitu vikali kama hidrojeni peroksidi, ile ile tunayosafishia vidonda. Vikiachwa huru huharibu utando wa chembe, protini zake na hata vinasaba. Glutathioni huvipa elektroni kutoka kwenye salfa yake, na peroksidi inageuka kuwa maji matupu. Ikishatoa, glutathioni mbili hushikana salfa kwa salfa, na zikiwa zimeshikana hazina faida mpaka zitenganishwe tena.

Wewe umepika arusi nyingi, kwa hiyo nikueleze hivi. Masinia ya biriani hayawi mengi kama wageni. Kinachookoa karamu ni wale kina mama walioko uani wanaoosha sinia lililotoka na kulirudisha ndani likiwa safi. Ndani ya chembe yenye afya, kwa kila sinia moja chafu yapo kama mia masafi, kwa sababu uoshaji haukomi. Maji ya kuoshea ni kitu kiitwacho NADPH, ambacho chembe hukipata kutoka kwenye sukari.

Sasa hiyo dripu. Inamimina glutathioni kwenye damu, si ndani ya chembe. Chembe nyingi haziwezi kuipokea ikiwa nzima. Inavunjwavunjwa huko nje, na baada ya dakika chache tu nusu yake haipo tena kwenye damu. Ya vidonge nayo sehemu kubwa humeng'enywa kama protini yoyote. Ni kweli kwamba glutathioni inaweza kuzisukuma chembe za rangi zitengeneze rangi ya manjano na nyekundu badala ya ile ya kahawia na nyeusi, lakini majaribio yaliyofanywa kwa watu ni madogo na mafupi, na mtu akiacha, rangi yake hurudi. Katika baadhi ya nchi sindano hii imeruhusiwa kwa kazi nyingine kabisa: kuwapunguzia makali wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa ya sisiplatini. Ufilipino, ambako dripu za kung'arisha zilienea mapema, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo mwaka 2011 na tena 2019: madhara kwa figo na tezi, na mzio mkali wa ngozi unaobabua mtu kama aliyeungua. Ongeza hapo sindano inayochomwa saluni na mtu asiyesomea kazi hiyo, na homa ya ini aina ya B isiyotibika kwa urahisi.

Vitamini C nyingi kupitia mshipa nayo si jambo la kuchezea. Kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo hapa Pwani ni ya kawaida na wengi hawajijui kuwa nayo, inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana nimesema usome na jibu la nne.

Na ikiwa binti ataacha dripu akakimbilia krimu za kujichubua, hapo ndipo nitakapolia. Baadhi yake zina zebaki. Zebaki huishika salfa kwa nguvu kuliko karibu kitu chochote: hunasa kwenye glutathioni na kwenye vimeng'enya vinavyotegemea salfa, kisha hukaa kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wazima waliovimba mwili kwa figo kuvuja protini, na sehemu kubwa yao walikuwa wakitumia krimu za zebaki za kung'arisha ngozi. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado naletewa makopo hayo dukani niulizwe kama ninayo mengine ya namna hiyo.

Mkalishe binti, wewe shangazi yake, umwambie kwamba bwana harusi alipoleta posa aliiona ngozi hii hii. Singo na liwa mpakeni kwa raha zenu.

*Daktari, mimi hupakua shehena bandarini, shifti ya usiku. Mgongo unaniuma sana. Nameza parasetamoli mbili mbili kila nikisikia maumivu, siku nyingine zinafika kumi na nne. Nikiwa na mafua naongeza dawa ya mafua. Mwenzangu asema zitaniua ini, nami namwambia hii hata mtoto hupewa. Nani mkweli? — Mpakuzi, Changamwe*

Mwenzako. Nakuomba kaka, ukiweka gazeti chini nenda hospitali ukapimwe ini, leo hii, hata kama hujisikii vibaya. Uwaambie idadi ya vidonge bila kuona haya.

Parasetamoli ni dawa nzuri na salama kwa kipimo chake. Kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kwa mtu mwembamba sana au mnywaji pombe ni pungufu ya hapo. Kumi na nne ni gramu 7. Na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, kwa hiyo huenda unavuka hata hizo 7.

Ini huitoa sehemu kubwa ya dawa hii kwa njia mbili za amani, na moja kati ya hizo huifunga na salfa. Lakini sehemu ndogo hugeuzwa kuwa sumu iitwayo NAPQI. Kwa kipimo cha kawaida haina madhara, kwa sababu ini ndilo lenye akiba kubwa ya glutathioni, nayo huidaka sumu hiyo mara tu inapozaliwa. Ukizidisha, mambo mawili hutokea pamoja: njia za amani hujaa, na akiba ya glutathioni huliwa. Ikishuka chini ya kama theluthi ya kawaida yake, NAPQI huanza kushika protini za ini lenyewe, na chembe hufa. Mtu asiyekula vizuri kwa siku nyingi huanza na akiba ndogo, ndiyo sababu naogopa nikisikia mtu anafanya kazi nzito usiku kucha kwa chai na mahamri peke yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtu aliyezidisha kwa wingi huenda akasikia kichefuchefu tu, au asisikie lolote. Siku ya pili anaweza hata kudhani amepona. Ini huonyesha lilivyoumia kuanzia siku ya pili hadi ya nne, na wakati huo muda mzuri wa kutibu umeshapita.

Tiba ipo, na inatoka kwenye salfa. Katika miaka ya 1970 huko Edinburgh, Laurie Prescott na wenzake walionyesha kwamba asetilisisteini, dawa iliyokuwa ikitumika tayari kulainisha makohozi, huokoa ini la mtu aliyemeza parasetamoli nyingi. Ikianza kutolewa ndani ya saa 8 baada ya kumeza, karibu wote huokoka na madhara makubwa ya ini. Inanuka kama yai viza, na harufu hiyo ni salfa. Shangazi wa Kibokoni naye aitazame hii: hata pale maisha ya mtu yanapotegemea glutathioni, daktari hatii glutathioni. Anatia sisteini ya namna ambayo chembe za ini zinaweza kuipokea, kisha zinajitengenezea glutathioni zenyewe.

Mgongo wako unahitaji kutazamwa na mtu, si kunyamazishwa. Mwambie daktari unabeba nini na unainama vipi. Na usihamie kwenye dawa nyingine kali za maumivu kwa ushauri wa kibanda, maana hizo zina mambo yake na tumbo na figo.

*Hujambo daktari. Nina mimba ya miezi mitano. Zamani Septrin ilinitoa malengelenge mwilini na vidonda mdomoni, nikaandikiwa kuwa nina mzio wa salfa. Wifi amesoma kuwa mayai na kitunguu thaumu vina salfa, na vidonge vya damu nilivyopewa kliniki vimeandikwa salfeti. Nimeacha vyote. Nimefanya vyema? — Mja mzito, Kisauni*

La, mama. Leo rudia mayai, na leo hii rudia vidonge vya damu.

Mwili wa mtu mzima una kama gramu 140 za salfa. Iko kwenye nywele, kucha, ngozi, kwenye insulini inayotuliza sukari, kwenye mtoto aliye tumboni mwako. Hakuna awezaye kuikataa akaishi. Kilichokudhuru ni jamii moja ya dawa ambazo ndani ya molekuli zao imo salfa, lakini kinachouchokoza mwili ni sehemu nyingine za molekuli hiyo na mabaki yake ini linapoivunja. Salfeti ya vidonge vya madini ya chuma haina uhusiano wowote na hilo, wala salfeti iliyo kwenye pampu za pumu.

Lakini lipo jambo ambalo wifi hakulisema na mimi nataka ulishike sana. Hapa Pwani wajawazito hupewa kliniki vidonge vya SP vya kuzuia malaria, na hiyo S ni salfadoksini, ndugu wa karibu wa ile iliyokutoa malengelenge. Kwako wewe, mwenye vidonda vya mdomoni juu ya malengelenge, hiyo haifai. Mwambie muuguzi kabla hujameza, kila unapoenda, hata kama kadi imeandikwa. Atakupangia njia nyingine, na chandarua usikiache hata usiku mmoja. Krimu ya kuunguzwa na moto yenye salfadiazini ya fedha nayo ikataeni nyumbani kwenu.

Kitunguu thaumu kula bila wasiwasi. Ukitaka nguvu yake, kiponde, kiache kama dakika kumi, ndipo ukitie mafutani. Kinapopondwa kimeng'enya chake hutengeneza alisini, na moto wa haraka hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi.

*Bi mfamasia, mtoto wangu wa kiume alizaliwa, siku ya tatu akawa manjano mno, akawekwa chini ya taa hospitali. Wakasema ana upungufu wa G6PD. Nimerudi kwa mama, naye ana sanduku la nguo za watoto za zamani lililojaa nafthalini, na kina nyanya wanataka apakwe hina siku ya arubaini. Hospitali walisema niepuke vitu lakini nilikuwa nimechoka, sikushika. — Mama mpya, Likoni*

Hongera mwanangu, na pole kwa siku hizo. Hukushika kwa sababu ulikuwa umetoka kuzaa na mtoto yuko chini ya taa. Nani angeshika.

Nimeeleza juu kwenye barua ya arusi kuhusu masinia. Chembe nyekundu ya damu inabeba oksijeni siku zake zote, kwa hiyo masinia yake huchafuka kila saa. Haina njia nyingine ya kupata maji ya kuoshea ila kwa kimeng'enya hicho cha G6PD. Mwanao anacho kidogo. Siku za kawaida kinatosha, na atacheza na kusoma kama wenzake. Kikija kitu kinachochafua mengi kwa mara moja, glutathioni huisha, chembe hupasuka, na rangi ya manjano hupanda. Kwa kichanga manjano ikipanda sana inaweza kuharibu ubongo. Ndiyo sababu taa haikuwa ya kujikinga tu.

Nafthalini ni mojawapo ya vitu hivyo, na mvuke wake pekee unatosha. Msilifungue sanduku hilo chumbani alipo mtoto. Nguo zenyewe usimvishe, na blanketi lililokaa humo usimfunike, hata likipigwa jua. Nunueni nyingine chache, za mtumba zilizofuliwa zinatosha. Hina nayo asipakwe, hata ile ya majani safi isiyotiwa kemikali: kile kinachotoa rangi yake hupenya ngozi laini ya mtoto na kufanya kazi hiyo hiyo mbaya. Waambie kina nyanya kwa upole kwamba arubaini itasomwa dua na uvumba utafukizwa sebuleni mbali naye, bila hina. Atakapokua asile ful, yale maharagwe mapana ya asubuhi wanayoyapenda jamaa zetu wenye asili ya Yemeni. Na kila anayemwandikia dawa aambiwe, hasa dawa ya malaria iitwayo primakwini.

Primakwini ndiyo iliyofichua siri hii. Wanajeshi wa Marekani wenye asili ya Afrika walikuwa wakipungukiwa damu ghafla wakiimeza. Watafiti wa Chicago, akiwemo Ernest Beutler, wakaona kwamba chembe nyekundu za watu wa aina hiyo zina glutathioni pungufu na haihimili dawa. Wakafuata njia hiyo, na mwaka 1956 Paul Carson na wenzake wakaonyesha ni kimeng'enya gani kinachopungua. Utafiti mwingi ulifanyiwa wafungwa wa gereza la Stateville, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa hivyo, na mimi huwakumbuka kila ninapomwambia mama kama wewe aepuke nini.

Hali hii hupitia kwa mama na huonekana zaidi kwa watoto wa kiume. Si kosa lako. Imeenea kwetu kwa sababu inampa aliye nayo kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndugu zako wa kiume na watoto wa kiume wa dada zako wapimwe. Ukiona mtoto anapauka, macho yana manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola, mchukue hospitali usiku huo huo, usingoje feri ya asubuhi.

*Mfamasia, shamba letu liko upande wa Lunga Lunga. Mwaka wa kiangazi tunakula unga wa muhogo mchungu kwa wiki nyingi. Nimesikia unaweza kupoozesha miguu. Ni kweli au ni vitisho? — Mkulima, Kwale*

Ni kweli, bwana, na nimefurahi umeuliza kabla ya kiangazi.

Muhogo mchungu unatoa sianidi. Mwili unajua kuiondoa: kimeng'enya kinachoitwa rodanesi hubandika salfa juu ya sianidi, ikawa kitu hafifu kinachotoka na mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye sisteini na methionini za chakula, zile zile zinazohitajika kutengeneza glutathioni. Muhogo wenyewe hauna protini ya maana. Kwa hiyo mtu anayekula muhogo peke yake wiki baada ya wiki anaongeza deni la salfa huku hana pa kulilipia.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, waliamka miguu imekakamaa na haikurudi. Hans Rosling, aliyekuwa daktari huko Nacala, alikuwa miongoni mwa waliotafuta sababu. Walikuta muhogo mchungu uliokatiwa njia kwa sababu ya njaa, haukulowekwa wala kuanikwa inavyopasa, na mboga ya kuushushia haikuwepo. Ugonjwa huo, konzo, umeonekana pia Tanzania na Kongo.

Msikate njia hata mkiwa na njaa. Menyeni, lowekeni siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo muanike hadi ukauke kabisa kabla ya kusaga. Kama unga umeshasagwa na hamna hakika nao, changanyeni na maji uwe rojo zito, mtandaze mwembamba kwenye sinia pana kivulini saa 5, au juani saa 2, kisha mpike siku hiyo hiyo. Sianidi nyingi huondoka hewani. Na kila sahani ya muhogo iwe na kitu pembeni: dagaa, papa mkavu, yai, hata kidogo. Kunde zinasaidia lakini methionini yake ni haba, kwa hiyo msizitegemee peke yake. Watoto na wanawake wanaonyonyesha wapewe samaki kwanza, kabla ya baba.